Ritifaa ya Wang'uru: jinsi ya kutafuta jina haraka kwenye kompyuta kuukuu

Ukimtajia mtu wa Pwani jina la Wang'uru, atakujibu kwa neno moja: pishori. Ndiko unakotoka ule mchele wa Mwea ambao harufu yake hujaza nyumba kabla sufuria haijafunikwa. Wasafiri wa Embu wanaujua mji huo kwa wauzaji wanaokimbilia madirisha ya magari na mifuko ya kilo mbili na kilo tano. Mimi ni mtu wa Kisauni. Riziki ilinipeleka huko misimu kadhaa iliyopita, nikafanya kazi kwenye kinu kimoja cha mchele, si kubeba magunia bali kutunza kompyuta ya mzani.

Vijana wawili watatu wanaojifunza programu hapa Mombasa wameniomba nieleze kazi moja niliyoifanya kule: kutafuta jina ndani ya faili kwa lugha ya asembli. Nitaieleza, pamoja na kosa nililolifanya ndani yake. Nadhani hata asiyewahi kuandika programu atapata chake, hasa kama jina lake lina ng' ndani.

Mambo kinuni yalikwenda hivi. Mkulima analeta mpunga, unapimwa, karani anaandika mstari mmoja: tarehe, jina, sehemu anakotoka (Tebere, Thiba, Wamumu, Karaba na kadhalika), idadi ya magunia na kilo. Malipo huja baadaye. Mistari ya miaka yote ilikaa kwenye faili moja la maandishi, kiasi cha megabaiti 60 nilipolikuta. Programu yenyewe iliandikwa na kijana aliyekwisha kuhama, na kutafuta jina moja kulichukua sekunde 9. Sekunde 9 si kitu ukiwa peke yako. Mwezi wa Disemba, foleni ikifika barabarani na karani akijaribu jina moja kwa tahajia tatu, ni mateso. Mwenye kinu hakutaka kununua kompyuta mpya. Alisema hii inafanya kazi, na kweli ilikuwa ikifanya. Prosesa yake ilikuwa Pentium 4.

Prosesa haijui Kiswahili wala Kikuyu. Inajua amri ndogo ndogo tu: chukua baiti hii uiweke kwenye rejista ile, linganisha hizi mbili, zikitofautiana ruka uende kule. Lugha nyingi za programu hukuruhusu kuandika "tafuta jina hili", kisha programu nyingine ikakutafsiria amri hizo. Kwenye asembli unaziandika mwenyewe, moja moja. Ni kazi ya kuchosha, na kijana anayesoma haya asiikimbilie: maktaba za lugha ya C zina kazi za kutafuta zilizoandikwa na mafundi wa kweli, na mara tisa kati ya kumi hutawashinda. Mimi nilikuwa na mashini ya zamani, programu ya zamani na jioni ndefu zisizo na pa kwenda.

Kwa kompyuta, herufi ni namba. W kubwa ni 87, a ndogo ni 97, nafasi ni 32, na ile alama tuliyofundishwa shuleni kuiita ritifaa, ya ng'ombe na ng'ambo, ni 39. Kila namba hukaa ndani ya baiti moja. Kwa hiyo neno "Wang'uru" ni baiti nane, na kulitafuta ni kutafuta mahali ambapo namba hizo nane zimefuatana kwa mpangilio huohuo.

Programu ya zamani ilifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Ililiweka jina juu ya mwanzo wa faili, ikalinganisha herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikigonga tofauti, inasogea hatua moja na kuanza upya. Njia hii haikosei, ila ni ya polepole, na kule Mwea ni ya polepole zaidi, kwa sababu faili limejaa Wanjiku, Wanjiru, Wangari, Wangui na Wanja. Ukitafuta Wangeci, kompyuta inakuta W, inafurahi, a, inafurahi, n, inafurahi, halafu inavunjika moyo na kurudi nyuma.

Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Robert Boyer na J Strother Moore, walichapisha njia inayoanza mahali usipopatarajia: tazama herufi ya mwisho kwanza. Mwaka 1980 Nigel Horspool aliirahisisha, na toleo lake ndilo nililoliandika mwanzo. Tuchukue maneno haya:

Makutano hadi Wang'uru

Liweke jina Wang'uru, lenye baiti nane, juu ya baiti nane za mwanzo. Linafunika "Makutano" sawasawa. Usitazame M. Tazama baiti ya nane, nayo ni o. Ndani ya Wang'uru hamna o popote, kwa hiyo hakuna namna jina hilo linaweza kulala juu ya o hii, uliweke utakavyoliweka. Ruka hatua nane kwa mpigo. Sasa jina limefunika nafasi, neno "hadi", nafasi nyingine, kisha W na a. Ya mwisho ni a. Jina letu lina a moja, iliyo ya pili. Lisogeze hatua sita ili a ikutane na a. Umeangukia juu ya Wang'uru yenyewe. u ni u, unalinganisha zilizobaki, umepata. Tumesimama mahali patatu tu. Programu ya zamani ingesimama mahali 15.

Hatua za kuruka hazikokotolewi kila mara. Unatengeneza jedwali la namba 256, moja kwa kila baiti inayowezekana. Kwa Wang'uru, W inapewa 7, a 6, n 5, g 4, ritifaa 3, u 2, r 1, na baiti nyingine yoyote 8. Baada ya hapo mzunguko wenyewe ni soma, angalia jedwali, ruka.

Sekunde 9 zilishuka chini ya sekunde moja. Niseme ukweli, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na kuiacha lugha ya zamani, wala si akili ya Boyer na Moore. Ningeweza kuachia hapo. Lakini niliona udhaifu mmoja. Kuruka mbali kunategemea kukutana na herufi isiyomo kwenye jina, na maandishi yetu yamejaa vokali. Kwa Kiswahili, a ndiyo herufi inayotokea kuliko zote. Kila mara unapoangukia juu ya a au u, ruko linakuwa fupi. Majina ya herufi tano kama Njeri hayarukiki mbali hata ukiwa na bahati.

Pentium 4, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2000, ilikuja na kundi la amri liitwalo SSE2. Amri hizo hutumia rejista pana zenye nafasi ya baiti 16. Mkumbuke bibi yako anapochagua mchele. Haokoti punje moja akaiuliza wewe ni jiwe au si jiwe. Anatandaza sinia, anatupa jicho mara moja, na jiwe linajitokeza kwa sababu rangi yake ni nyingine. Rejista hiyo ndiyo sinia:

mzunguko:
    movdqa xmm1, [esi]
    pcmpeqb xmm1, xmm0
    pmovmskb eax, xmm1
    test eax, eax
    jnz angalia
    add esi, 16
    cmp esi, edi
    jb mzunguko

Amri ya kwanza inamwaga baiti 16 za faili kwenye sinia. Rejista xmm0 tuliijaza mapema herufi moja tunayoisaka, imerudiwa mara 16. Amri ya pili inalinganisha zote 16 kwa pamoja. Ya tatu inakusanya majibu kuwa namba moja ya biti 16, biti moja kwa kila baiti: 1 palipofanana, 0 pasipofanana. Namba hiyo ikiwa sifuri, hakuna jiwe, songa baiti 16 mbele. Ikiwa si sifuri, amri iitwayo bsf inakuambia biti ya kwanza iliyowaka ni ya ngapi, nawe unaenda kulinganisha jina zima mahali hapo. Hakuna jedwali, hakuna kuruka kwa kubahatisha.

Lakini tusake herufi gani? Hapa kuijua prosesa hakutoshi, inabidi uwajue wenye majina. Ukisaka herufi ya kwanza, W, kule Mwea sinia lote ni mawe. Ukisaka ya mwisho, maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali, na vokali ndizo zimejaa. Herufi inayofaa ni ile iliyo adimu kuliko zote ndani ya jina. Programu ya ripgrep, ambayo waandishi wa programu wanaitumia tangu 2016, hufuata wazo hilohilo. Mimi sikutaka kukisia. Niliandika kijiprogramu cha kupita faili lote usiku na kuhesabu kila baiti imetokea mara ngapi, ili kabla ya kila utafutaji tuchague iliyo adimu zaidi. Kwa Wang'uru, na kwa kila jina lenye ng', jibu lilikuwa lilelile: ritifaa. Unasaka 39, ukiipata unarudi nyuma hatua nne, kwa kuwa ritifaa ni ya tano, na kulinganisha baiti nane.

Kabla sijafika kwenye kosa kubwa, kuna dogo litakalomwokolea mtu usiku mmoja. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa za baiti 4096. Toleo langu la kwanza lilisoma baiti 16 kuanzia popote, na mara moja moja programu ilikufa ghafla bila sababu niliyoiona. Siku nyingine ilikuwa nzima kabisa. Ilinichukua wiki kugundua kwamba ilikufa tu mwisho wa faili ulipoangukia karibu na mwisho wa ukurasa: sinia lilitokeza nje, kwenye ukurasa usio wetu, na mfumo ukaiua programu papo hapo. Dawa ni kusoma kila mara kuanzia anwani inayogawanyika kwa 16, ambayo ndiyo movdqa inayodai. Kwa kuwa 4096 nayo inagawanyika kwa 16, sinia la namna hiyo haliwezi kukalia kurasa mbili. Halafu ukipata jiwe kwenye sinia la mwisho, hakikisha halipo nje ya mwisho wa faili.

Basi ikawa kazi nzuri. Karani alikuwa akibonyeza, jibu linatoka kabla kidole hakijainuka. Aliwaita wenzake waje kuona.

Disemba ile alikuja shosho mmoja. Shosho ndivyo wanavyomwita bibi kule. Jina lake lina ng' ndani, kama jina la mji wenyewe. Alikuwa na risiti iliyofifia kwa kukunjwa. Karani aliandika jina, skrini ikasema HAKUNA. Akaandika tena, HAKUNA.

"Shosho, jina lako halipo."

"Nilileta magunia manne, kijana wangu. Wewe mwenyewe ulinishikia moja."

"Mashini inasema hakuna, shosho."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yao. Nilisikia yote na nikanyamaza, kwa sababu nilijua kazi yangu haina kosa. Shosho aliondoka bila pesa. Jambo linaloniuma hadi leo ni hili: programu ya zamani nayo ingesema hakuna, lakini karani hakuwa akiiamini. Ikisema hakuna baada ya sekunde 9, alikuwa akiguna, anachukua risiti na kutafuta kwa tarehe. Hii mpya aliiamini kwa sababu ilikuwa na haraka.

Asubuhi yake shosho alirudi, akaketi kwenye benchi karibu na mzani, hakusema neno. Niliichukua risiti yake nikalifungua faili, nikashuka kwa macho hadi tarehe ile. Jina lilikuwapo, na magunia manne, na kilo zake. Kwa macho yangu lilikuwa lilelile aliloandika karani. Nikaiambia kompyuta inionyeshe namba badala ya herufi. Mahali pa ritifaa hapakuwa na 39. Palikuwa na 226, 128, 153.

Majuma ambayo kompyuta ya mzani ilikuwa kwa fundi, karani alikuwa ameandika mistari kwenye kompyuta nyingine, kwa programu ya kuandikia barua, kisha akaihamishia kwenye faili letu. Programu za namna hiyo huikunja ritifaa zenyewe ili ipendeze, na ritifaa iliyopinda, kwa mfumo wa UTF-8 unaotumika karibu kila mahali leo, si baiti moja bali tatu. Wang'uru ya namna hiyo ina baiti kumi. Mimi nilikuwa nikisaka 39, na kweli kwenye mstari wa shosho 39 haikuwapo. Tena ile hesabu yangu ya usiku iliiona 39 kuwa adimu kuliko ilivyo, kwa sababu wenzake walikuwa wamejificha kwa umbo jingine. Alama niliyoichagua iniharakishie ndiyo iliyompoteza mwenye mpunga.

Alilipwa siku hiyo kabla ya adhuhuri. Nilimwomba radhi. Alinitazama akauliza kama mtu wa Mombasa naye anajua kuandika jina lake. Nikamwandikia kwenye karatasi. Akasema ni sawa.

Dawa haikuwa ndani ya mzunguko wa asembli, ule sikuugusa. Dawa ilikuwa kabla yake. Sasa kila mstari ukiandikwa, programu inatengeneza nakala ya pili iliyosafishwa, ya kutafutia tu. Mstari wa asili hauguswi, kwa kuwa huo ni ushahidi wa pesa za mtu. Kwenye nakala, ritifaa iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto (226, 128, 152) na ile alama ya 96 iliyo pembeni mwa kibodi, zote zinakuwa 39. Wanaoandika Kikuyu kama kinavyotakiwa huweka kiwimbi juu ya herufi, kama kwenye Kĩrĩnyaga. Kila ĩ hapo ni baiti mbili, 196 na 169, na ũ ni 197 na 169. Hizo zinakuwa i na u za kawaida. Kwa kuwa urefu unabadilika, kila mstari safi unabeba namba ya mstari wake wa asili. Jina analoandika karani nalo husafishwa vivyo hivyo kabla ya kutafutwa.

Herufi kubwa nazo zinageuzwa ndogo, na hapo pana ujanja mtamu. Tofauti ya W na w ni 32 kamili, yaani biti moja. Amri ya por inaweza kuiwasha biti hiyo kwenye baiti 16 kwa mpigo, na ritifaa haidhuriki kwa kuwa 39 tayari imo 32 ndani yake. Lakini alama ya kumaliza mstari, ambayo ni 10, inageuka 42, yaani nyota. Kwa hiyo malizana kwanza na baiti za ritifaa na viwimbi, kata mistari, kisha ndipo uwashe biti.

Lilibaki swali moja ambalo sikulijibu kwa furaha. Watu wengi huandika "Wanguru" bila ritifaa kabisa. Je, tuifute kote? Tukiifuta tunachanganya majina mawili kuwa moja. Sisi wa Pwani tunajua kuwa kung'oa ni jambo moja na ngoa ni jambo jingine kabisa. Nikaamua kutafuta mara mbili: kwanza na ritifaa, pasipopatikana, kwenye nakala nyingine isiyo nayo, na majibu ya mara ya pili yanaonyeshwa yote ili karani aulize kitambulisho. Kwa kasi ile, kutafuta mara mbili hakuna anayekuhisi.

Nimeona orodha nyingi huku kwetu tangu nirudi, za vyama, za bima, za wagonjwa. Mwenye kutoka Ng'ombeni kule Kwale ana shida ileile ya shosho, na kina Sa'ad na Mas'ud pia. Ya Athman na Othman ni nyingine, hiyo inahusu sauti na si alama, na sikuigusa.

Kitu cha mwisho nilichokibadilisha kabla ya kuondoka Wang'uru ni neno la kwenye skrini. Zamani lilisema HAKUNA. Sasa linasema SIJALIONA, TAFUTA KWA TAREHE. Karani alilalamika kwamba ni refu.